Maji ya Mkomamanga

1

Utumbo hausahau. Watu husahau, mafaili huliwa na mchwa, mashine huzeeka zikauzwa vyuma chakavu, lakini utumbo ukishapigwa na mionzi hukaa na habari hiyo mpaka mwenyewe anazikwa. Ndiyo maana Kikumbushi kilipoanza kutumika hapa Tabora, sisi wazee tuliofanya kazi kwenye mionzi zama zile hatukushangilia sana. Nani anapenda kazi yake ya ujanani ikaguliwe upya?

Jumatatu ile asubuhi nilikuwa mbele ya ukuta wa picha, miwani puani, nikiufuata utumbo wa Bi Nyamizi Maganga mkunjo baada ya mkunjo. Siku mbili kabla alikuwa amemeza punje. Punje ni kitu kidogo kama mbegu ya papai. Kinashuka chenyewe, kinatambaa kwenye kuta za utumbo, kinaionja kila chembe na kuiuliza: wewe, katika maisha yako, ulipigwa na mwanga kiasi gani? Chembe hujibu kwa makovu yake. Majibu yakishakusanywa, Kikumbushi huchora ukutani palipoungua, hata kama moto wenyewe ulizimwa miaka thelathini na mitatu iliyopita. Ila hakiwezi kusema ni siku zipi. Kwake, siku zote za matibabu ni kovu moja, na pale picha inapofifia hutegemea maandishi ya zamani kujua kiamini nini.

Miaka thelathini na mitatu. Sikuhitaji mashine kunihesabia, kwa sababu aliyemlaza Bi Nyamizi mezani wakati ule ni mimi, Siwema Kondo, msichana wa Kisarawe niliyeletwa Tabora na barua ya serikali, nikasahaulika huku.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Oliva Nkwabi, akiingia huku anafunga vifungo vya koti.

"Marahaba, mwanangu. Jua limeshaanza ukorofi wake."

Oliva nilimfundisha mwenyewe kusoma picha alipokuwa mwanafunzi. Sasa yeye ndiye mkubwa wangu wa kazi, na mimi nimebakiza miezi saba nistaafu. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaliangalia doa jekundu kwenye mkunjo wa chini.

"Ni ile adimu," alisema. "Imeota kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya utumbo. Tangu nianze kazi nimeiona mara mbili tu."

"Inatokana na mionzi."

"Inatokana na mionzi. Saratani ya kwanza tuliiua, hii ya pili tukaipanda wenyewe." Alinigusa bega. "Usiumie. Bila ile mionzi asingemwona hata mwanawe akianza shule."

Kisha akafungua kumbukumbu za zamani, zilizoandikwa na mkono wangu. Siku ishirini na tano za matibabu, na mbele ya kila siku nilikuwa nimeandika maneno mawili yaleyale: *kibofu kimejaa*.

Zama zile mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi alipewa lita moja ya maji, ainywe saa moja kabla ya kulala mezani, na asiende haja. Kibofu kikijaa huunyanyua utumbo ukatoka kwenye njia ya mionzi. Kikiwa kitupu, utumbo huteremka ukajilaza palepale mwanga unapopita.

"Kibofu kilijaa, na bado utumbo uliungua," Oliva alisema. "Maana yake ni kwamba mkunjo huu ulikuwa umeganda chini, haunyanyuki. Kwa hiyo ulioungua sana ni huu mmoja, na walinzi wote tunawapeleka hapa."

"Na hivi vivuli vya pembeni?"

"Kikumbushi kinasema ni ukungu wa uzee. Kinaamini maandishi yako."

Walinzi ni chembe zilizokuzwa kutoka katika damu ya mgonjwa mwenyewe, zikafundishwa wiki sita kuitambua saratani yake. Wa Bi Nyamizi walikuwa tayari, wanasubiri kwenye barafu. Uzuri wao ni mkubwa na ubaya wao ni mmoja: hutumwa mara moja tu. Ukijaribu kuwatuma mara ya pili, mwili huwashambulia kama wezi. Ukiwapeleka pasipo na ugonjwa, watakaa pale siku arobaini, watakufa, na hakuna wengine.

"Na kama kibofu hakikujaa?" niliuliza, nikijifanya natafuta kalamu.

"Basi utumbo ulikuwa huru, leo unateremka mkunjo huu, kesho ule. Hapo saratani ingeweza kuwa imejificha sehemu nyingi, na tungewagawa walinzi kote." Alicheka kidogo. "Lakini wewe unaandika vizuri, mama. Namshukuru Mungu aliyekuwa zamu ni wewe. Kesho aje ajaribu maji, Jumatano asomewe chanzo, Alhamisi tuwatume."

Nikasema sawa. Mungu anisamehe, nilisema sawa.

2

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Oktoba, kama mwaka huu. Mwezi wa mfungo huzunguka majira yote, na baada ya miaka thelathini na mitatu hurudi ulipoanzia. Anayeijua Oktoba ya Tabora hahitaji kuelezwa. Mvua bado, vumbi limepanda mpaka kwenye kope, na mchana upepo unakupiga usoni kama umefungua mlango wa tanuri la mikate.

Nyamizi alikuwa na miaka thelathini na minne na mtoto wa miaka miwili. Siku ya kwanza aliposikia jina langu akauliza kabila, nikasema Mzaramo, akapiga makofi. "Mtani wangu! Basi sitakufa, Mzaramo hawezi kuniacha nife kabla hajanitukana." Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na utani wetu ulianza hapohapo, yeye amelala kwenye meza ya chuma na mimi namchora alama za wino kiunoni.

Wiki ya kwanza alikunywa maji yake vizuri. Mwezi ulipoandama nikamuuliza kama anafunga. "Mimi? Shehe amenipa ruhusa," alisema.

Siku hiyohiyo nilichungulia dirishani nikamwona amekaa kwenye benchi la uani na chupa yake ya lita moja. Mfagizi wetu alikuwa amepanda mche wa mkomamanga pale kando ya benchi, haujafika hata magoti. Nyamizi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama kana kwamba anafunga kiatu, akaumwagia mche maji yote. Kisha akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, kama mtu aliyekunywa akashiba.

Tulikuwa na kipimo kidogo cha kibofu, cha kushika mkononi. Nilikipitisha tumboni mwake. Kibofu kilikuwa kitupu.

"Umekunywa, mtani?"

"Nimekunywa yote."

Sheria ilikuwa wazi: kibofu kitupu, mgonjwa arudi kesho. Akirudishwa mara tatu, anahamishiwa mwisho wa foleni, na foleni yetu wakati ule ilikuwa ya miezi mitano. Saratani ya mlango wa kizazi haisubiri miezi mitano. Niliitazama midomo yake iliyopasuka kwa kiu, nikasikia kale katoto kake kakilia nje mikononi mwa mtu baki, nikaandika: *kibofu kimejaa*. Kesho yake nikaandika tena. Niliandika hivyo siku ishirini.

Sikuandika kwa uovu. Hata leo sijui kama nilikosea kumwacha alale mezani. Kinachoniuma ni kingine: sikumwambia maji ni ya nini. Ilikuwa desturi yetu ya kazi, tulimwambia mgonjwa kunywa, vua, lala, geuka, naye akafanya. Nyamizi alidhani maji yale ni ya kupoza joto la mashine. Kama ningekaa naye dakika tano kwenye benchi, nikamweleza kwamba kila lita anayoumwagia mche ni utumbo wake anaouteremsha motoni, pengine mambo yangekuwa mengine.

Alipona. Na akatoa habari yake kwa kila mwenye masikio: alimwekea Mungu nadhiri kwamba akiifunga Ramadhani ile bila kuacha hata siku moja, mtoto wake asiwe yatima. Alifunga kwa siri, akapona, na tangu hapo hajaacha. Alipozeeka akawa kiongozi wa darasa la wanawake msikitini, na kila Ramadhani alisimulia. Nami niliposikia nilikuwa najifunga kanga vizuri na kugeukia pengine.

3

Jumanne alifika na mwanawe Tausi, yule aliyekuwa analia nje. Sasa ni mwalimu wa sekondari, mrefu, mwenye subira ya watu waliozoea kusahihisha madaftari.

"Mtani!" Bi Nyamizi aliniita kutoka getini. "Bado hujafa?"

"Nife nani atakuzika? Kwenu wote ni wapagazi, wataubeba mwili wako mpaka pwani wakidhani ni pembe ya ndovu."

"Sasa nimekuwa mwepesi. Hata Mzaramo anaweza kunibeba."

"Mzaramo habebi. Mzaramo anapiga ngoma, mwenye mzigo anamfuata."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Kweli alikuwa mwepesi. Damu ilikuwa imempungua, viganja vyeupe, na gauni lililokuwa likimkaa vizuri mwaka jana lilikuwa limemning'inia. Niliona uchungu, nikamvuta kwangu nikamkumbatia, na yeye akanifinya sikio ili nisilie.

"Nyinyi wawili mtaacha lini?" Tausi aliuliza.

"Siku ya kaburi," Bi Nyamizi alijibu. "Na hata hapo huyu ataingia shimoni alale, kama watani wafanyavyo msibani, akatae kutoka mpaka apewe jogoo." Kisha uso wake ukatulia. "Nisije nikasahau. Wameniambia kesho kuna kusomewa chanzo, na nichague shahidi. Nimekuchagua wewe."

Siku hizi hakuna anayetibiwa ugonjwa uliozaliwa na matibabu kabla ya kusomewa chanzo chake kwa sauti, mbele ya shahidi anayemwamini. Ni sheria nzuri. Wazee wetu waliteseka sana kwa kutojua.

"Shahidi ni ndugu," nilisema. "Tausi yupo."

"Ndugu atalia, asisikie kilichosomwa. Mtani atasikia."

Nilimpa chupa ya lita moja. Ilikuwa ya majaribio tu, kuona kibofu chake cha uzeeni kinahimili kiasi gani, maana Alhamisi walinzi wangepandwa kwa sindano nyembamba zinazofuata ramani ya Kikumbushi, na sindano hizo zinataka utumbo ulionyanyuka na kutandazika. Mrija wa kukijaza kibofu tusingeweza kumtia. Kibofu kilichopitiwa na mionzi ni dhaifu, hutoboka. Na walinzi wakishatolewa kwenye barafu wana saa mbili za uhai.

"Unafunga?" nilimuuliza.

"Mimi? Shehe amenipa ruhusa." Aliipokea chupa. "Hivi maji haya ni ya nini hasa, mtani?"

Miaka thelathini na mitatu nilikuwa nalisubiri swali hilo, na lilipokuja nikasema, "Ni ya matibabu tu. Kunywa."

Nilirudi chumbani. Nilikuwa na mpango. Ningemwendea Oliva nimwambie kwamba zama zile sikupima, niliandika tu kwa uvivu. Ningevuliwa beji, ramani ingerekebishwa, walinzi wangegawanywa, na Bi Nyamizi angebaki na nadhiri yake. Nilijiona mwema sana. Nikasogea dirishani.

Mkomamanga ule sasa umepita paa la choo. Unazaa kila mwaka, na wauguzi wanagombea matunda. Bi Nyamizi alikuwa amekaa chini yake, kwenye benchi lilelile. Aliangalia kushoto. Aliangalia kulia. Akainama kama anafunga kiatu.

Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima wa miaka sitini. Mpango wangu wote ulikwenda na yale maji. Ningeweza kuirekebisha ramani ya zamani kwa uongo mpya, lakini Alhamisi angemwaga tena, walinzi wangepandwa penye utumbo uliolaliana au wafie mezani, na baada ya hapo hakuna dawa. Ili anywe, lazima ajue maji ni ya nini. Na Nyamizi si mjinga. Akijua leo ni ya nini, atajua na wakati ule yalikuwa ya nini.

Nilitoka uani. Tausi alikuwa amekwenda kusaini karatasi. Nikakaa kando ya mtani wangu. Udongo miguuni mwetu ulikuwa umelowa na kunukia kama mvua ya kwanza.

"Umekunywa?"

"Yote."

"Nyamizi," nilisema, "mimi ni mtani wako. Naruhusiwa kukwambia lolote?"

"Lolote. Hata kwamba nina sura mbaya, ijapokuwa huo ni wivu."

"Maji haya huwa yanaunyanyua utumbo." Nilimwonyesha kwa mikono, kiganja kimoja chini, kingine juu yake. "Kibofu kikijaa, utumbo unapanda, unakaa salama. Kikiwa kitupu, unashuka hivi. Alhamisi ukiwa mtupu, dawa itapotea yote. Na haiji mara mbili."

Alikuwa ameacha kutabasamu. Aliviangalia viganja vyangu muda mrefu.

"Na zamani?"

"Na zamani vilevile. Ulipokuwa mtupu, utumbo ulishuka kwenye mionzi. Ndipo palipoota hii."

Kunguru walikuwa wanagombana juu ya tangi la maji. Mtu alipita na toroli la mashuka. Bi Nyamizi alisubiri mpaka lilipotokomea.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Mara moja?"

"Siku ishirini."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikaandika kwamba umekunywa. Niliogopa watakurudisha nyuma kwenye foleni ufe. Lakini kukueleza ningeweza, na sikukueleza. Sina pa kulificha hilo."

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Badala yake alianza kutikisa kichwa polepole, na aliposema, hakusema juu yangu wala juu yake.

"Wanawake wangapi nimewaambia? Kila mwaka, Siwema. Nasimama pale nawaambia, mimi niliumwa nikafunga nikapona. Kuna binti wa mtaa wa Cheyo ana sukari, alinibusu mkono Ramadhani iliyopita. Wangapi wamemwaga maji kwa ajili ya mdomo wangu?"

Nilinyoosha mkono. Akausukuma, si kwa nguvu.

"Nenda ndani," alisema. "Niache."

Hakuniita mtani. Nilinyanyuka nikaenda, na kila hatua niliisikia.

4

Asubuhi ya Jumatano niliweka beji yangu mezani kwa Oliva kabla hajakaa, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aligeuka ukutani, akafuta *kimejaa* kwenye siku ishirini, akaacha tano, akakiamuru Kikumbushi kisome upya.

Ule ukungu wa uzee ulianza kukusanyika. Ukawa mkunjo, kisha mkunjo mwingine, mpaka ikatimia sita. Kwenye miwili kati ya hiyo kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo kama ulezi.

"Tungeviacha hivi," Oliva alisema. Alikuwa analia bila kujificha. "Tungempeleka nyumbani tukisema amepona."

"Ndiyo."

"Unajua sheria, mama. Chumba cha tiba hutaingia tena. Siyo kesho, siyo kamwe."

"Naijua, mwanangu. Niandikie."

Saa nne tulikusanyika kwa ajili ya kusomewa chanzo. Sikujua kama bado nina nafasi pale, kwa hiyo nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Tausi alikuja, macho yamevimba. Mama yake alikuwa amemwambia. Alinitazama mara moja akageuza uso, na sikumlaumu. Nyuma yake akaja Bi Nyamizi, amevaa baibui la Ijumaa.

"Shahidi wangu yuko wapi?" aliuliza chumba kizima. "Ana miguu au nimbebe? Si tumezoea."

Niliingia. Nikakaa kando yake. Chini ya meza akanishika kidole gumba, akakibana kama mtoto anayeogopa sindano, naye hakukiachia mpaka mwisho.

Oliva alisoma. Aliisoma saratani kwa jina lake na mahali ilipokaa, akasoma kwamba ni adimu, kwamba huchukua miaka mingi kuota, kwamba ilitokana na mionzi iliyomwokoa. Kisha akashusha pumzi. "Chanzo. Kwa siku ishirini mgonjwa hakunywa maji aliyopewa. Kwa siku ishirini mtaalamu aliandika kwamba alikunywa." Akainua macho. "Bi Nyamizi, sheria inakupa sentensi moja ya kuongeza."

Tausi alifungua mdomo. Mama yake akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema. "Lakini hiyo usiiandike, hiyo kila mtu anaijua. Andika hivi: *hawakuelezana*."

"Basi?"

"Basi. Waliopita na watakaokuja, hilo linawatosha."

Oliva aliandika. Nikasaini chini yake kama shahidi. Ndiyo maandishi yangu ya mwisho katika kituo kile, na nadhani ndiyo bora kuliko yote.

5

Alhamisi nilikuja kama watu wengine, kwa kupitia getini, bila koti. Saa tano kasoro jua lilikuwa limeshaiva. Uani palikuwa na wanawake kama ishirini, waliokuja kusubiri vipimo au kuwasindikiza wagonjwa, na wengi wao walimjua Bi Nyamizi. Walinyanyuka mmoja mmoja kumpa mkono. Nilimtambua yule binti wa Cheyo kwa jinsi alivyombusu mkono. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Muuguzi alileta chupa. Alitaka kumpeleka Bi Nyamizi chumba cha pembeni, akanywe kwa faragha, maana ni mwezi mtukufu na watu wamefunga.

"Hapana," Bi Nyamizi alisema. "Nitakunywa hapa."

Alikaa kwenye benchi chini ya mkomamanga. Tausi akakaa kulia kwake. Mimi nikabaki nimesimama, sijui nijiweke wapi, mpaka alipopigapiga mbao upande wa kushoto. "Kaa, Mzaramo. Unanizibia upepo."

Nilikaa. Nikafungua chupa, nikamimina kwenye kikombe, nikampa. Alikishika kwa mikono miwili. Nikajua kwamba katika maisha yake yote hakuna mzigo uliowahi kuwa mzito kama kile kikombe.

"Miaka thelathini na mitatu," alisema polepole, kwangu tu. "Sikuwahi kuacha hata siku moja. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia mbele Yake."

"Najua."

"Shehe aliniambia tangu wakati ule: ruhusa ya Mungu ni zawadi, kuikataa ni jeuri. Nilidhani ananihurumia tu." Alifumba macho. "Unadhani atanisikia nikimwambia nimechelewa kuipokea?"

Nilitaka kumjibu vizuri, kwa maneno ya maana. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: "Mimi nakupenda, Nyamizi. Na mimi ni kiumbe tu, tena Mzaramo. Yeye je?"

Akatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. Halafu akanyanyua uso na kupaza ile sauti yake ya darasani, na uani kote pakanyamaza.

"Wanangu! Mnanijua. Nimewasimulia habari moja miaka mingi, na nusu yake nilikuwa siijui. Nikitoka humo ndani salama nitawasimulia yote. Nisipotoka, huyu hapa mtani wangu atawasimulia, na msimwache mpaka amalize. Kwa leo tazameni tu. Aliyeambiwa na daktari anywe, anywe."

Akasema bismillahi, akanywa. Kikombe cha kwanza kilimpalia kidogo. Cha pili kiliteremka. Nilimimina cha tatu, na Tausi, ambaye tangu jana hakuwa amenisemesha, alinyoosha mkono akanishikia chupa kwa chini ili nisimwage. Upande wa pili wa benchi za kusubiri, yule binti wa Cheyo alifungua mkoba wake, akakaa muda anatazama ndani, kisha akatoa chupa ndogo ya maji akaishika mapajani.

Bi Nyamizi alimaliza lita nzima. Alikigeuza kikombe juu chini kunionyesha kwamba hakuna kilichobaki, hata tone, kama watoto wanavyoonyesha bakuli la uji.

Mlango wa chumba cha tiba ukafunguliwa. Oliva alisimama kizingitini na glovu mkononi, akainamisha kichwa kuashiria kwamba walinzi wametolewa kwenye barafu. Tausi alimshika mama yake upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaenda naye polepole mpaka pale ninaporuhusiwa kufika. Hapo nikamwachia.

Alipiga hatua mbili, akasimama, akageuka. Hakunitazama mimi. Aliuangalia mkomamanga, na ule udongo mkavu chini yake.

"Mtani," alisema, "uambie mti wako, leo zamu yake kufunga."